Bima ya safari iseme wazi inamlinda mjamzito hadi wiki ya ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo lililoigharimu familia yangu fedha nyingi, ambalo linaweza kuipata familia yoyote yenye binti au mke anayejiandaa kusafiri nje ya nchi akiwa mjamzito.

Mwaka jana mdogo wangu alikwenda Leipzig, Ujerumani, kumtembelea mumewe anayesoma huko. Aliondoka akiwa na mimba ya wiki 22, baada ya mkunga wa kliniki kumpima na kumwambia kwamba kipindi hicho cha katikati, kichefuchefu kikiwa kimepungua na tumbo halijawa zito, ndicho chenye unafuu kwa safari. Viza ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwamo, haitolewi bila bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, ya kugharimia matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini na kumrudisha nyumbani mgonjwa au mwili wa marehemu. Tuliinunua kwa wakala jijini Dar es Salaam, ikapigwa muhuri, ubalozi ukaipokea, nasi tukaona shughuli imekwisha. Hatukujua kwamba sharti hilo la viza halitaji ujauzito popote. Ubalozi hutazama kiasi cha kinga, tarehe na nchi zinazohusika, na karatasi iliyouridhisha ubalozi yaweza isimfae mama mwenye mimba hata kidogo.

Si kwamba hatukuuliza. Mdogo wangu alimweleza wakala kwamba ana mimba ya miezi mitano, akajibiwa kuwa bima inabeba dharura za ujauzito "mpaka miezi sita". Hakuna aliyeandika mazungumzo hayo popote. Alipokuwa katika wiki ya 26 alianza kutokwa damu usiku, akakimbizwa hospitali na kulazwa siku nane. Damu ilikata na mimba ikasalimika, tunamshukuru Mungu. Tulipopeleka madai, kampuni ilituelekeza kwenye ukurasa wa 14 wa masharti, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, palipoandikwa kwamba matatizo ya ujauzito hulipiwa hadi mwisho wa wiki ya 24. Euro 4,600 zikabaki mikononi mwetu, na shemeji yangu, ambaye anaishi kwa posho ya masomo, angali anazilipa kidogo kidogo.

Nilikaa na kalenda nikapiga hesabu upya. Wiki 24 ukizigawa kwa nne unapata miezi sita. Wiki 26 ni nusu mwaka, nayo pia ni miezi sita. Kwa hiyo wakala hakusema uongo, wala mdogo wangu hakukosea kuhesabu. Sisi huhesabu mimba kwa miezi, tena wengine huanzia siku mwanamke alipogundua kwamba hakuziona siku zake, ilhali hospitali, mashirika ya ndege na kampuni za bima huhesabu wiki tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tofauti hiyo peke yake inaweza kufika mwezi mzima. Isitoshe, kwa bima kama ile yetu kinachotazamwa ni umri wa mimba siku ya tukio, si siku ya kuondoka, kwa hiyo mtu anaweza kupanda ndege akiwa ndani ya kinga na kuamka ugenini wiki tatu baadaye akiwa nje yake.

Mashirika ya ndege nayo yana hesabu zake. Mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na kwa kawaida hayambebi mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, au ya mapacha baada ya wiki ya 32. Anayekwenda kukaa miezi miwili au mitatu apige hesabu ya tarehe ya kurudi kabla ya kukata tiketi. Mdogo wangu alirudi katika wiki ya 30, na pale kaunta ya uwanja wa ndege barua ya daktari ndiyo iliyoombwa mara tu baada ya pasipoti.

Lipo pia suala la mtoto, ambalo sisi tuliepushwa nalo kwa neema tu. Bima nyingi za safari hazilipii uzazi wa kawaida, kwa sababu kujifungua si dharura isiyotarajiwa, na nyingine hazimtambui kabisa mtoto anayezaliwa safarini, kwa kuwa jina lake halimo katika hati. Hebu fikiria mtoto njiti aliyezaliwa katika wiki ya 27, anayehitaji mashine na wauguzi usiku na mchana kwa majuma mengi, huku mama yake ana bima na yeye hana.

Wapo wanawake ambao hata hilo swali la mdomo hawaliulizi. Mimba changa kwetu ni siri ya mtu na mumewe, pengine na mama yake, na hakuna anayetaka kuitangaza mbele ya wakala asiyemjua. Fomu huuliza kama mwombaji ana maradhi yoyote. Ujauzito si maradhi, basi mtu hujaza "hapana" kwa moyo mweupe, hata kama mimba iliyotangulia ilimletea kifafa cha mimba. Katika bima, kutotaja jambo ambalo kampuni ingelizingatia ni sababu tosha ya kunyimwa fidia, na siku ya madai hakuna atakayejali mila zetu.

Kitu kimoja tulikifanya sawasawa, nacho ni kadi ya kliniki. Aliibeba kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki, pembe zimekunjamana na maandishi ya mkunga yakienda upande. Daktari wa Leipzig hakusoma neno la Kiswahili, lakini aliona kundi la damu O hasi, akauliza mara moja kuhusu sindano ya anti-D, ya kuzuia mwili wa mama usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto, ambayo mama mwenye damu ya namna hiyo akitokwa damu hupaswa kuipata ndani ya saa 72. Kadi hiyo ingekuwa ndani ya sanduku kubwa, isingesaidia kitu usiku ule.

Sasa ombi langu kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Tangu mwaka 2021 nchi yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Ikiwa sheria yenyewe inaweza kumfikia mwananchi kwa lugha anayoielewa, sioni kinachozuia masharti ya bima ya safari yaambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Hata Zanzibar, ambako tangu Oktoba 1, 2024 mgeni hununua bima ya dola 44 ya siku 92, wamo miongoni mwa wageni hao mabinti zetu wenye pasipoti za nje wanaorudi kwa mama zao kujifungua, na wao pia wanastahili kusoma kwa lugha ya nyumbani kilichomo na kisichomo. Katika ukurasa huo, dharura za ujauzito zitajwe kwa namba ya wiki, si kwa miezi, na pasemwe kama mtoto atakayezaliwa analipiwa au halipiwi. Wakala naye aandike tarehe ambayo kinga ya mama huyo itakoma, kisha aweke sahihi. Hati ya mdogo wangu ninayo hadi leo, na ningekuwa radhi kuipeleka katika ofisi ya mamlaka hiyo ili wauone ukurasa wa 14 kwa macho yao.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga