YAH: Malalamiko kuhusu ziara ya hekalu la Doi Suthep, Chiang Mai

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmoja wa wateja mliowapeleka Thailand mwezi Machi mwaka huu, nikiwa na mama yangu mzazi na binti yangu, na ninaandika kulalamikia namna mlivyoiendesha siku ya kutembelea hekalu la Kibudha la Wat Phra That Doi Suthep, lililo juu ya mlima magharibi mwa mji wa Chiang Mai. Sina neno na hoteli, wala na ndege, wala na chakula. Ninacholalamikia ni kwamba mlituuzia safari ya kwenda mahali patakatifu pa watu wengine bila kutuambia lolote kuhusu namna ya kuingia pale, mkatunyima muda wa kupaona, na matokeo yake tukawakosea adabu watu waliokuwa katika ibada yao, jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyelikusudia.

Ratiba mliyotukabidhi baada ya kukamilisha malipo inasema wazi kwamba asubuhi nzima ingetumika Doi Suthep, kwamba tungeuona mji wote kutoka juu, na kwamba tungepata nafasi ya kupokea baraka za watawa. Hakuna mahali ratiba hiyo inapotaja duka. Hata hivyo, tulipotoka hotelini gari lilielekea kwanza upande mwingine wa mji, kwenye jengo kubwa la vito na hariri, ambako tulikaa karibu saa mbili na nusu tukizungushwa chumba hadi chumba, wauzaji wakitufuata hatua kwa hatua. Tulipoomba kuondoka, kiongozi wetu alisema dereva amekwenda kujaza mafuta. Ninyi na sisi tunajua kwamba maduka ya aina hiyo huwalipa kamisheni wanaowapelekea wateja. Simzuii mtu kutafuta riziki yake, lakini riziki hiyo isitokane na muda ambao mteja ameulipia kwa jambo lingine. Kwa sababu ya duka hilo tulifika mlimani jua likiwa limeshakuwa kali, tukapewa chini ya saa moja ya kupanda, kuona na kushuka.

Huenda kwenu Doi Suthep ni mstari mmoja tu katika ratiba, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze ni mahali gani mlipotupeleka. Kwa mapokeo ya watu wa Chiang Mai, hekalu hilo lilianzishwa mwaka 1383, enzi za Mfalme Kuena wa ufalme wa Lanna, ili kuhifadhi sehemu ya masalia ya Budha. Inasimuliwa kwamba masalia hayo yaliwekwa mgongoni mwa tembo mweupe, tembo akaachwa aende atakako, naye akapanda mlima, akalia mara tatu, kisha akafa. Na pale alipofia ndipo palipojengwa mnara ambao wenyewe wanauita chedi, na ambao leo umefunikwa dhahabu kuanzia chini hadi juu. Kwa karne nyingi waumini waliupanda mlima huo kwa miguu. Barabara ya magari ilifunguliwa mwaka 1935, na waliojenga ni wananchi waliojitolea kwa maelfu, wakiongozwa na mtawa aliyeitwa Khruba Siwichai, ambao waliikamilisha katika muda usiofika miezi 6. Hadi sasa, katika mkesha wa sikukuu ya Visakha, wakazi wa mji hupanda usiku kwa miguu hadi hekaluni, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chiang Mai nao hupanda kila mwaka, ikiwa ni sehemu ya kukaribishwa chuoni.

Sanamu ya Khruba Siwichai imesimama pale barabara inapoanza kupanda, na wenyeji husimama hapo kuweka maua na kuwasha udi kabla ya kuendelea na safari. Gari letu lilipita bila kupunguza mwendo. Mama aliona watu wamepiga magoti akauliza yule ni nani, na kiongozi, macho yakiwa kwenye simu, akajibu kuwa ni mtawa wa zamani. Historia hiyo niliyoieleza hapo juu nilikuwa nimeisoma mwenyewe kabla ya safari, na ndiyo iliyonifanya nichague ziara yenu badala ya ile ya fukweni iliyokuwa nafuu zaidi. Wenzetu wengi ndani ya gari hawakuambiwa hata sehemu yake ndogo, wakapita mbele ya sanamu ya mtu aliyewafungulia barabara waliyokuwa wakiipita bila kujua.

Kutoka mahali magari yanapoishia hadi hekaluni kuna ngazi zaidi ya 300, na kila upande wake kuna naga, nyoka mkubwa wa mapokeo yao, ambaye mwili wake wenye magamba ya vigae umelala kwenye mteremko wote na vichwa vyake vimeinuliwa chini kabisa, pale mgeni anapoanza kupanda. Kuna pia kigari kinachovutwa kwa kebo kwa ajili ya wasioweza kupanda, na kwa mama yangu mwenye maumivu ya magoti kilikuwa msaada mkubwa. Lakini kiongozi aliamuru kundi zima lipande kigari, hata vijana waliomsihi awaruhusu kupanda kwa miguu, akidai kuwa muda umekwisha. Muda ulikwisha kwa sababu ulitumika dukani.

Juu tulikuta ubao unaoeleza mavazi: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, viatu vivuliwe kabla ya kuingia eneo la mnara. Katika kundi letu walikuwemo wanawake wenye blauzi zisizo na mikono na wanaume wenye kaptula, kwa kuwa ujumbe pekee mliotutumia katika kundi la WhatsApp usiku wa kuamkia siku hiyo ulisema tuvae nguo nyepesi kwa sababu ya joto. Wakaanza kupanga foleni ya kupata vitambaa vya kujifunika, na dakika zikazidi kupotea. Jambo hili liliniuma kuliko mnavyoweza kudhani. Mimi na mama tuliacha kanga hotelini, na sina shaka kuwa karibu kila mwanamke katika kundi lile alikuwa na yake kwenye begi. Sisi si watu wa kufundishwa kwamba mahali pa ibada panaingiwa kwa staha. Kuvua viatu na kujifunika tumekuzwa nako, awe mtu wa msikitini au wa kanisani. Mstari mmoja tu wa ujumbe ungetosha.

Lililonifanya niandike barua hii, hata hivyo, lilitokea ndani ya moja ya kumbi za hekalu. Mtawa mmoja alikuwa ameketi kwenye jukwaa la chini, akiwanyunyizia maji watu waliopiga magoti mbele yake na kuwafunga wanaume uzi mweupe kwenye kifundo cha mkono. Kiongozi wetu alimwambia binti yangu apande aketi karibu na mtawa na anyooshe mkono wake afungwe uzi, ili yeye apige picha. Binti yangu ni mtoto msikivu, akafanya alivyoelekezwa. Mtawa alirudisha mikono yake haraka, akaikusanya kanzu yake ya rangi ya zafarani na kusogea nyuma, na watu wote waliokuwa wamepiga magoti wakageuka kututazama. Kwa utaratibu wa Kibudha unaofuatwa Thailand, mtawa hamgusi mwanamke wala haguswi naye, hata akiwa mtoto, na hata kitu hapokei moja kwa moja kutoka mkononi mwake. Jambo hili linajulikana na kila Mthailand, na kiongozi wetu ni Mthailand. Bibi mmoja wa makamo ya mama yangu alisogea kwa magoti, akamshika binti yangu bega, akamshusha taratibu sakafuni, kisha akaigeuza miguu yake ili nyayo zisielekee sanamu ya Budha, kwa kuwa hilo nalo kwao ni utovu wa heshima. Halafu akamtabasamia. Mzee aliyekuwa pembeni, ambaye kazi yake ni kuwafunga wanawake uzi, akamfunga, na mtawa akamnyunyizia maji kama wengine wote. Hawakutufokea wala hawakututoa nje, lakini binti yangu alilia hadi tulipofika hotelini, akiamini kuwa amemtia mtu wa Mungu unajisi. Huyo kiongozi wenu alikuwa akicheka na kusema hakuna shida, watalii wamezoeleka. Sikusafiri hadi Chiang Mai nikiwa na mtoto wangu ili tuhesabiwe miongoni mwa waliozoeleka kwa kukosa adabu.

Nje, kwenye uwanja unaozunguka mnara, waumini walikuwa wakizunguka mara tatu, wakiwa na ua la yungiyungi, mshumaa na udi mikononi, mkono wa kulia ukiwa upande wa mnara. Sisi tulipitishwa kinyumenyume, tukipishana nao uso kwa uso, kwa sababu sehemu aliyoichagua kiongozi kwa ajili ya picha ya kundi ilikuwa karibu zaidi kwa njia hiyo.

Kuhusu mandhari ya mji mliyoyaahidi, hatukuona chochote isipokuwa moshi. Kaskazini mwa Thailand, kuanzia takriban Februari hadi Aprili, mabaki ya mazao huchomwa mashambani na misitu huwaka moto, na moshi hukwama katika bonde la Chiang Mai kiasi kwamba zipo siku ambapo hewa ya mji huo huhesabiwa miongoni mwa hewa chafu kuliko zote duniani. Hali hiyo hujirudia kila mwaka, na mtu anayeuza safari za huko hawezi kusema hakuijua. Fomu yenu ya usajili iliuliza kuhusu maradhi, nami niliandika kwa mkono wangu kwamba mama ana pumu. Hakuna aliyetupigia simu kutushauri twende miezi ya baridi, Novemba hadi Januari, wala kutuambia tubebe barakoa. Kule juu mama alitumia dawa yake ya kuvuta mara kwa mara, akakaa kivulini akiwa ameziba pua na mdomo kwa mtandio, na hakuzunguka mnara hata mara moja. Yeye ndiye aliyekuwa akiisubiri siku ile kuliko sisi wote.

Niliporudi nilipiga simu ofisini kwenu, nikajibiwa kwamba makosa ni ya wakala wa huko na si yenu. Siafiki. Mkataba niliotia saini ni wenu, fedha nililipa kwenu, na ratiba ina nembo yenu. Kama wakala mliyemchagua amewaangusha, hilo mlimalize ninyi na yeye.

Kwa hiyo naomba mturudishie gharama ya siku hiyo kwa watu watatu, kwa kuwa huduma iliyouzwa siyo iliyotolewa. Naomba pia mwandike barua ya kuomba radhi kwa binti yangu, yenye jina lake, mkimweleza kwamba kosa halikuwa lake. Kuhusu wateja watakaokuja, naomba kila anayelipia ziara hiyo apewe maelezo ya maandishi kabla ya kusafiri kuhusu mavazi, viatu, namna ya kukaa mbele ya sanamu, namna ya kuwakaribia watawa na mwelekeo wa kuzunguka mnara. Hamhitaji kusafiri mbali ili kuyaandaa: hapa hapa Dar es Salaam, Upanga, kuna hekalu la Wabudha wa mapokeo ya Theravada, ambayo ndiyo yanayofuatwa Thailand, na mkienda kwa heshima kuuliza, naamini mtaelekezwa. Duka, kama ni lazima liwepo, liandikwe kwenye ratiba ili mteja akubali au akatae. Safari za miezi ya moshi ziuzwe kwa kusema ukweli kuhusu moshi. Na kama hamwezi kutenga asubuhi nzima kwa ajili ya mlima ule, waachieni wateja nafasi hiyo katika ratiba waende wenyewe, kwa kuwa mjini yapo magari mekundu ya abiria, yenye mabenchi yanayotazamana kama chai maharage za zamani, ambayo hupandisha watu hadi chini ya ngazi za hekalu.

Nawapa siku 21 tangu tarehe ya kupokea barua hii. Nisipopata majibu ya maandishi katika muda huo, nitaliwasilisha suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mteja kuhusu huduma anayouziwa.

Nimeambatisha nakala ya ratiba, stakabadhi ya malipo, fomu ya usajili yenye maelezo ya afya ya mama, ujumbe wenu wa WhatsApp kuhusu mavazi, na picha ya ubao wa maelekezo uliopo hekaluni.

Wenu katika biashara,

(Saini)
Mteja, kundi la Machi
Tabata, Dar es Salaam