Kiti Kile ni cha Mtu Mmoja

Mwanangu Rajabu,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mama yako na kwa wote hapa nyumbani. Sisi hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako, na safari hii hofu sijaiandika kwa mazoea ya barua. Dada yako amenionyesha ile video yako ukiendesha kwodi, hiyo pikipiki ya magurudumu manne, uliyoiweka status ukaifuta. Ulichelewa kuifuta, mtaa mzima ulikwishaiona. Kwenye simu nilipoanza tu kusema ukanijibu "poa mzee, nimekusoma", nikasikia injini, simu ikakatika. Basi soma karatasi. Inavuka na boti pamoja na kiroba cha machungwa ya Muheza. Ukipewa kiroba bila barua, dai barua.

Pale mwanzo, unapowasalimia wale wageni Kipolandi nao wanacheka na kukujibu, nilifurahi. Nilikwenda gengeni nikawaonyesha wazee: tazameni mwanangu, ameondoka hapa na Kiingereza cha kuokoteza, leo anaongoza msafara wa wazungu kule Jambiani, Unguja. Kisha nikaizima simu kabla kamera haijageuka nyuma. Sikutaka waone aliyekaa nyuma yako.

Siulizi ni nani. Nauliza miguu yake ilikuwa wapi. Amekaa juu ya keria, kakushika shati, mguu wa kushoto unaning'inia mbele ya tairi la nyuma, kandambili imebaki kwenye dole gumba, na wewe unaongeza mwendo. Helmeti unayo wewe peke yako, tena mkanda haujafungwa.

Kwodi ile naijua. Ni jamii moja na ile ya bwana shamba wa mkonge niliyoitengeneza breki. Ilikaa bandani kwangu muda mrefu kwa kuwa mwenyewe alizungusha kulipa, nami nikakisoma kitabu chake chote, ukurasa kwa ukurasa, kwa kamusi ya dada yako. Karibu na kiti ina stika: usibebe abiria kamwe. Na yako inayo, nimeiona kwenye video, msichana ameikalia nusu.

Utasema kiti ni kirefu, watu wawili wanaenea. Kila mtu husema hivyo. Urefu ule ni wa dereva. Ukipanda kilima unasogea mbele mpaka karibu na tangi, ukishuka unarudi nyuma kabisa, ukikata kona unahamisha makalio upande. Ile mashine nusu unaiendesha kwa usukani, nusu kwa mwili wako. Anayekaa nyuma amekalia nafasi ya kazi yako, umebaki umebanwa katikati na huwezi kwenda mbele wala nyuma.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo ninapokuogopea wewe zaidi ya yule ambaye hajawahi kushika pikipiki. Yeye anaogopa. Wewe umebeba abiria hapa Tanga, Kange hadi Pongwe, umebeba magunia ya mkaa, umebeba na mishikaki ukidhani sina habari. Mikono yako imezoea abiria. Lakini pikipiki inalala kwenye kona, na abiria analala nayo, hata bibi kizee aliyepakata tenga la samaki analala nayo bila kufundishwa. Kwodi hailali. Ni meza iliyofungwa injini. Itasimama kwa miguu yake minne, utajiona fundi, halafu itapinduka yote kwa mkupuo, na haina ile yumba ya kukutahadharisha uliyoizoea kwenye boda.

Nyingi katika hizo, magurudumu mawili ya nyuma yako kwenye ekseli moja isiyo na difu. Yanazunguka sawasawa, la ndani na la nje, hata kwenye kona. Ili ikate vizuri lazima uinamishe mwili ndani ya kona na ukanyagie mguu wa nje, gurudumu la ndani lipate nafuu liteleze kidogo. Abiria nyuma hajui hayo. Akiogopa anavutia nje, au anakukumbatia akuzuie usiiname. Mashine inakataa kukata, inataka kwenda moja kwa moja. Wewe unaongeza usukani. Hapo ndipo matairi yanaposhika ghafla na ninyi mnakwenda chini. Kwenye lami ni mbaya zaidi, kwa sababu gurudumu halitelezi kabisa, na ninyi huko mnaivuka ile barabara ya Paje na Makunduchi kila siku na misafara.

Na mafuta yake. Boda unazungusha mkono, kwodi unasukuma kwa kidole gumba. Waliweka hivyo makusudi, ili dereva akirushwarushwa kwenye mashimo asijikute anazungusha mafuta bila kupenda. Lakini abiria akikushika kwa nguvu mkono wa kulia, au akikuegemea mgongoni mwili ukaja mbele, kidole kinasukuma. Mmeshtuka nyote wawili na mashine ndiyo kwanza inaongeza mwendo.

Kilima sisemi sana, unajua mwenyewe uzito ukihamia nyuma ya ekseli mbele kunakuwa kwepesi. Pikipiki ikisimama wima inakuangusha wewe, kisha inaanguka pembeni. Kwodi ina kilo mia mbili na zaidi, nyingine zinakaribia mia tatu, na inarudi nyuma kwa kukufuata. Wa kwanza kuwa chini yake ni aliyekaa nyuma.

Tena miguu. Boda ikiteleza unashusha mguu, si ndiyo? Umeshusha mguu maisha yako yote. Kwenye kwodi ukishusha mguu tairi la nyuma linaukanyaga na kukuvuta chini. Wewe una pa kuweka miguu, angalau. Yule binti alikuwa hana. Miguu inayoning'inia namna ile, ikipata jiwe moja la maweni inageuzwa kabla hujasikia kelele.

Mama yako amekaa hapa anachambua mchele, na kila nikisoma mstari kwa sauti ananitajia tangi la ile Honda nililokuwa nikikukalisha utotoni. Haya, tangi. Njia ya mkonge wakati ule haikuwa na gari hata moja, na wewe ulikuwa mwepesi. Tuendelee.

Najua pia kwamba si yote yanatoka kichwani mwako. Dada yako ameniambia huyo mkubwa wako anawahimiza mpakie wawili kwenye ya mtu mmoja wageni wakiwa wengi na mashine chache, na akiona abiria yuko nyuma ya kiongozi hasemi kitu. Sitaki umtukane, kazi hazipatikani. Lakini stika ile hakuibandika yeye, na siku ya msiba hatasimama mbele ya mzazi wa mtu. Mwambie mzigo ni wa mashine, si wa ubishi: hii imetengenezwa kwa mmoja. Akitaka wawili, anunue ya wawili. Zipo. Zile zina mwili mrefu zaidi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, abiria ana kiti chake chenye mgongo, ana vishikio vya mikono na pa kukanyaga miguu. Wametengeneza mashine nyingine nzima kwa ajili ya huyo mtu wa pili. Ingekuwa kuongeza sponji tu, wasingehangaika.

Kama hiyo ya wawili mnayo, basi mpe abiria helmeti kabla hujampa nafasi ya kukaa, na umfunge mkanda wewe kwa mkono wako. Hakikisha miguu yake inafika kwenye vikanyagio akiwa amekaa na mgongo umegusa kiti. Mtoto ambaye hafikishi habebwi hata baba yake akitoa dola. Watengenezaji wengi huandika abiria asiwe chini ya miaka 12. Ashike vishikio, asikushike wewe. Mwambie kabla hamjaondoka kwamba kwenye kona ainame nawe. Mmoja tu, hakuna wa katikati. Viatu vya kufunika, siyo kandambili, nimeshasema. Na mwendo uwe wa mtu aliyebeba mayai ya watu, siyo ule wa kwenye video.

Upepo wa matairi upime kila asubuhi. Ile haijazwi kama boda, nyingi ni PSI 4 au 5 hivi, soma kwenye stika yake. Geji yetu ya boda huko chini haisomi vizuri, kwa hiyo usiiamini. Waombe geji ya upepo mdogo. Kushoto na kulia vikitofautiana kidogo tu itakuvuta upande, na ukiwa na mtu nyuma ndiyo utajua.

Usione ni uoga wa wazee wa Tanga. Australia wafugaji wanaswaga kondoo na ng'ombe kwa hizo kwodi, wameziendesha tangu hujazaliwa, na zimewaua kwa kuwapindukia. Serikali yao ikatoa amri: tangu Oktoba 2021 kila kwodi mpya ya kazi za shambani lazima iuzwe ikiwa na fremu ya kinga nyuma ya dereva. Honda na Yamaha wakaona afadhali waache kuziuza huko. Mimi katika ugomvi wao simo, ila nikajiuliza: mfugaji wa kule, peke yake kwenye kiti, bado imewalazimu kumfungia chuma. Mwanangu kwenye mawe ya Jambiani anaongeza na mtu juu ya keria.

Utaniuliza, mgeni akiumia katikati ya maweni nimbebeje? Swali hilo nililitarajia, na lina haki. Jibu ni kwamba humbebi kwenye ya mtu mmoja, maana mtu aliyeumia hawezi kujishika, na ukimwangusha umemuumiza mara mbili. Mmoja wenu akae naye kivulini, mwingine apande peke yake afuate gari au apande mpaka penye mtandao apige simu. Ndiyo maana msafara usiwe na kiongozi mmoja. Na kama mnayo ya viti viwili, iwe ya mwisho kwenye mstari kila siku, hata kama hakuna anayeihitaji.

Mwezi wa saba kuna sherehe za Mwaka Kogwa hapo Makunduchi. Watu watajaa, vijana wenzako watakuona umepanda mashine, na kila mmoja atakwambia "mwanangu nisogeze hapo tu". Hapo tu. Ya Pongwe unayajua, nayo yalikuwa hapo tu, sitaki kuyaandika. Wakikuita mchoyo, uwe mchoyo. Waambie baba yako ni mkorofi, amekukataza, nitabeba mimi hiyo lawama na wala hainipunguzii kitu.

Haya ya nyumbani. Bati la jikoni lile la pembeni limetoboka tena, masika yametumalizia unga wote uliokuwa kwenye debe. Nimeliziba kwa lami lakini ni la kubadilisha, na mbao iliyo chini yake imeoza. Zile pesa ulizotuma zilifika. Mama yako alizitaka kwa bati, mimi nikalipa michango ya dada yako shuleni, tumenuniana kidogo, sasa tumepatana. Usitume zaidi kwa ajili ya kutusuluhisha. Nunua viatu vya kazi vinavyofunika kifundo.

Mbuzi wa jirani wameimaliza mihogo ya nyuma. Nimesema naye, akasema mbuzi hawajui mpaka. Mguu wa mama yako unaendelea vizuri, anatembea mpaka kisimani na kurudi, ila magoti usiku yanamsumbua. Anauliza kama huko karafuu ni nafuu, anataka za chai tu, si gunia.

Spana namba 12 uliondoka nayo. Siyo ile ya kichina, ile nzito yenye alama ya rangi nyekundu. Nimeitafuta bandani kote nikamgombeza na kijana wa kazi, kumbe dada yako alikuona ukiitia begini. Kaa nayo, ukae ukikaza vizuri nati za mashine kila asubuhi, lakini ukija Idi uje nayo.

Na nitumie picha za stika, Rajabu. Za kila mashine mnayoitumia hapo kazini, moja moja, karibu ili nisome. Sitaki video. Nitakaa na dada yako na kamusi, kisha nitakupigia, na safari hii uzime injini ndipo upokee.

Ni mimi baba yako.

Mama yako anasema machungwa yaliyo juu ndiyo yaliyoiva zaidi, uanze na hayo, na umpelekee mama mwenye nyumba nusu ya kiroba.