Dawa ya kichocho sawa, ila mtuambie kwanza

Mhariri habari za kazi, mimi ni mzazi huku Igombe, ziwa liko hapo nyuma ya nyumba. Juzi mwanangu karudi toka shule anatapika, kumuuliza anasema wamemezeshwa vidonge vya kichocho, wamepimwa urefu kwa ile fimbo yenye alama ndo wakapewa idadi yao, na asubuhi hajanywa hata uji. Sasa hivyo vidonge, prazikwanteli, vinatakiwa umeze umeshiba, la sivyo ni kichefuchefu na kizunguzungu. Ujumbe kwenye grupu la wazazi hakuna, lakini mchango wa mtihani unatumiwa saa kumi na moja alfajiri!

Sio kwamba napinga dawa. Kichocho huku sio hadithi, baba mdogo alitapika damu hadi akafa, na mimi mwenyewe nimemeza hivyo vidonge. Ila ule mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi na kijamii, ambao Tanzania ilijiunga 1976, haki ya afya iliyomo humo sio kutibiwa tu, ni pamoja na kuwa na kauli juu ya mwili wako. Watu wasipoambiwa ndo uvumi unaanza, eti vidonge vya kuzuia uzazi, mwakani wanaficha watoto.

Halafu dawa inaua minyoo ya kichocho iliyokomaa tu, haizuii kuambukizwa tena, na jioni mtoto huyohuyo anatumwa maji ziwani kwenye konokono walewale wanaoeneza kichocho, maana bomba limekauka wiki ya tatu. Hayo maji ya bomba mbona hawaji kutulazimisha?

Mzazi, Igombe, Mwanza