Majina waliyobandikwa na jirani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mazoea ya kuwaita watu kwa majina waliyobandikwa na jirani zao. Si yote yenye ubaya: "Wasukuma" maana yake ni watu wa kaskazini tu, na anayelitamka hamtukani mtu. Lakini "Mang'ati", jina ambalo wengi wetu huwaitia Wadatoga wa Manyara na Singida, limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni adui. "Wandorobo" nalo limetoka huko huko. Kwa Mmaasai ni maskini asiye na ng'ombe, nalo likawaangukia wawindaji na warina asali kama Waakie na Waogiek, ambao hawakuhitaji ng'ombe ili wawe watu. Pwani ya Kenya, walioitwa Wanyika, yaani watu wa porini, walilikataa jina hilo, na tangu miaka ya 1940 wanajulikana kama Wamijikenda.

Nitaambiwa kwamba huu ni utani. Utani naujua, kwani mimi ni Mnyamwezi niliyeoa Uzaramoni, na msiba wetu haupiti bila watani kutuzomea mbele ya jeneza. Lakini mtani hutania akijua kwamba zamu ya mwenzake itafika, wala maneno yake hayaandikwi katika kichwa cha habari. Ombi langu ni kwamba gazeti liandike "Wadatoga" kila linapowataja, na lile jina lingine, likilazimika kutumika, lifungwe kwa alama za kunukuu.

Msomaji wako,
Tabora