Faini si dawa ya kila tabia

Mhariri,

Tabia mbaya ikizuka, huyu husema "ni utamaduni wao", yule hudai sheria kali. Wote wameshika nusu ya jambo.

Watazame wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa jijini New York. Hadi 2002 kinga yao iliwaruhusu kuegesha magari ovyo bila kulipa faini. Sheria ilikuwa ile ile, lakini waliotoka nchi zenye rushwa nyingi walirundika madeni, ilhali wa Norwei na Uswidi hawakuwa na deni hata moja. Mtu husafiri na mila zake. Kisha jiji likaanza kung'oa vibao vya namba vya wadaiwa sugu. Makosa yakashuka kwa zaidi ya asilimia 98!

Ila adhabu nayo ina mtego. Kule Haifa, Israeli, vituo 6 vya kulelea watoto vilianza kuwatoza faini ndogo wazazi wanaochelewa kuwachukua wanao. Uchelewaji ukaongezeka karibu maradufu. Aibu ya kumweka mlezi akisubiri iligeuka ankara: ukilipa, yamekwisha. Faini ilipofutwa, aibu haikurudi.

Kabla ya kubandika tangazo la faini, basi, kamati ziulize nani huliona kosa na humwambia nini mkosaji. Pale ambapo watu bado huoneana haya, msiweke bei. Haya ikishakwisha, adhabu iwe ya hakika, hata ikiwa ndogo, na ianze kwa wakubwa.

Msomaji wako