Tuliagiza paka jike, kaja dume

Mhariri, salamu kutoka Mikindani. Naomba kanafasi maana huku kwetu watu wameanza kuagiza hawa paka wa Kiajemi wenye manyoya marefu kutoka Dar na kila mtu anauliza nichukue dume au jike, mimi yameshanikuta.

Mke wangu alitaka jike, eti dume anakojoa ovyo. Haya, tukatuma hela, katoto kakaja na basi, zaidi ya kilomita 500, kamechoka hadi huruma, tukakaita Malkia. Kufika miezi saba Malkia kageuza mgongo kwenye pazia, mkia juu unatetemeka, kapiga mkojo chaa! Kesho yake kwenye msala. Jamani ile harufu haitoki kwa sabuni wala ndimu. Daktari wa mifugo kuinua mkia tu akacheka, shehe hili dume.

Muuzaji sijui alijua au naye hakujua, maana hawa wakiwa wadogo nyuma kote ni pamba tupu. Kumbe unalowesha manyoya kidogo unaangalia, dume matundu mawili yameachana na yote ya duara, katikati hapo ndo korodani zinapokaa, jike yamekaribiana na la chini liko kama kistari. Mwambie muuzaji akupigie video ya hapo kabla hujatuma hela, usione aibu.

Na jike msidhani ndo nafuu. Jirani yangu anaye, akishikwa na hamu ya dume analia usiku kucha, madume ya soko la samaki yote yanahamia barazani, miezi miwili tu vitoto vinne, tena vyote manyoya mafupi kama baba yao, maana manyoya marefu mtoto lazima ayarithi kwa baba na mama wote wawili! Hela ya mbegu imeishia sokoni.

Wetu tumemhasi, mkojo wa ukutani ukakata baada ya wiki kadhaa, siku hizi mpole kuliko mimi. Jina limebaki Malkia na anaitika. Kinachotutesa sasa ni kitana, kila siku, ukiruka siku mbili kwapani mafundo, na joto hili la Mtwara anashinda kalala sakafuni karibu na mtungi.

Ombi langu mtafuteni daktari atuandikie habari ya kuhasi paka, wa kwanza niliyemwendea aliniambia yeye kazoea mbuzi.

Msomaji wenu, Mikindani