Barua kwa mwanangu anayeanza kazi kliniki ya selimundu

Mwanangu Salome,

Marahaba, salamu zako zimefika. Nyumbani sote wazima. Umeniuliza kwa nini watoto wa selimundu wanapewa haidroksiurea, dawa inayokaa kabati moja na dawa za saratani. Akina mama watakuuliza hilohilo, tena kwa hofu kuliko wewe, kwa hiyo nakuandikia kwa kirefu.

Haidroksiurea ni ya siku nyingi. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, ikakaa karibu karne nzima bila kazi ya maana, mpaka Marekani ilipoiruhusu mwaka 1967 kwa ajili ya saratani. Inazuia kimeng'enya ambacho seli inakihitaji kutengeneza malighafi ya DNA, hivyo seli iliyokuwa inajigawa inakwama katikati. Kwa mgonjwa wa saratani ya damu faida yake iko wazi. Kwa mtoto wa selimundu, ilibidi mtu aifikirie vingine.

Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto kule Brooklyn, aliona kwamba wachanga wenye selimundu hawasumbuki miezi ya mwanzo, akahisi wanalindwa na himoglobini F, ile wanayotoka nayo tumboni. Panapokuwa na F ya kutosha ndani ya chembe nyekundu, himoglobini S, ile yenye kasoro ya selimundu, inashindwa kuungana kuwa nyuzi ngumu, na chembe haipindi kuwa mundu. Tangu hapo swali likawa: F ikishazimika, utaiwashaje tena? Mwaka 1982 dawa iitwayo azasitidini iliipandisha kweli, lakini madaktari wengi wakaogopa kwamba inaweza kuleta saratani yenyewe. Dk. Orah Platt na wenzake wa Boston wakajiuliza kama kinachoiamsha F ni uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, kubanwa kidogo, kisha kujijenga upya kwa haraka. Kama ndivyo, dawa nyingine inayozuia seli kujigawa nayo ingefaa, basi bora ichukuliwe ile inayomezwa na ambayo madaktari wanaijua vizuri. Mwaka 1984 walitoa matokeo ya wagonjwa wawili. Wawili tu, na F ilipanda.

Ilichukua miaka kumi na moja mpaka uthibitisho mkubwa ukapatikana. Samuel Charache aliongoza utafiti wa watu wazima 299 Marekani na Kanada, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na dawa. Wastani wa kati wa vipindi vya maumivu makali ulikuwa 2.5 kwa mwaka upande wa dawa, na 4.5 upande wa pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilishajulikana.

Kwetu Afrika palikuwa na hofu ya ziada, na haikuwa ya kijinga. Dawa inashusha chembe nyeupe. Je, malaria haitawamaliza watoto? Kampala walijaribu kwa watoto 208 na malaria haikuongezeka. Kisha ukaja utafiti wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, watoto 606 waliotumia dawa, matokeo yakatoka rasmi mwaka 2019. Maumivu yalishuka kutoka matukio 98 hadi 45 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Malaria yenyewe ilipungua, kuongezewa damu kukapungua, na vifo pia.

Sasa shika hili, maana hapa ndipo kliniki nyingi zinapopunguza faida ya dawa. Uboho kubanwa kidogo ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayeanzisha dozi ndogo na kuiacha hapohapo miaka miwili kwa kuogopa jina la saratani anampa mtoto madhara madogo na faida ndogo. Uganda walilinganisha dozi isiyobadilishwa ya takriban miligramu 20 kwa kilo na dozi iliyopandishwa hadi karibu 30. Lengo la himoglobini lilifikiwa na watoto 86 kati ya 100 waliopandishiwa, dhidi ya 37 kwa wenzao.

Anza na miligramu 15 hadi 20 kwa kilo, mara moja kwa siku. Kila wiki nane, kama picha ya damu inaruhusu, ongeza miligramu 5 kwa kilo, usivuke 35. Unatafuta neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, kati ya 2.0 na 4.0 (hesabu zote hapa ni bilioni kwa lita ya damu). Zikishuka chini ya 1.0, au chembe sahani, zile za kugandisha damu, chini ya 80, simamisha, rudia kipimo baada ya wiki moja, na zikipanda endelea na dozi ileile. Zikishuka tena, hapo ndipo upunguze. Mtoto anaongezeka uzito, kwa hiyo mpime kila anapokuja na upige hesabu upya. Dozi ya mwaka jana kwa mtoto wa mwaka huu ni dozi pungufu.

Kapsuli nyingi ni za miligramu 500, na mtoto wa kilo 14 kwa dozi ya 20 kwa kilo anahitaji miligramu 280. Famasia wanaweza kutengeneza ya maji: kapsuli 20, kisha maji mpaka ujazo wote ufike mililita 100. Ukimwaga mililita 100 juu ya unga, ujazo unazidi na dawa inakuwa nyepesi kuliko unavyodhani. Maji yawe ya kawaida, ya moto yanaiharibu. Koroga, chuja tope jeupe, ambalo ni viambata tu, na utapata miligramu 100 kwa kila mililita. Huyo mtoto atapewa mililita 2.8 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai usikubali. Anayechanganya avae glavu, na mjamzito asifungue kapsuli.

Mama aambiwe mapema kwamba nafuu inachukua miezi mitatu hadi sita, la sivyo atairudisha dawa kabatini wiki ya tatu. Wengine huihifadhi ya kumpa mtoto siku ya maumivu, na siku hiyo haisaidii kitu. Homa ikipanda, mtoto aje hospitali siku hiyohiyo kama zamani, na penisilini na kinga ya malaria zisiachwe. Kucha zikiwa nyeusi si hatari. Binti aliyevunja ungo aelezwe kuhusu uzazi wa mpango, na kijana wa kiume aambiwe kwamba mbegu zinaweza kupungua.

Utapata mtoto ambaye hapati nafuu. Kabla ya kupandisha dozi, tazama MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, kwenye kipimo chake. Dawa ikimezwa kila siku, chembe nyekundu hunenepa na namba hiyo hupanda, isipokuwa kwa mwenye upungufu wa madini ya chuma au thalasemia alfa, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini. Ikiwa haijasogea tangu alipoanza, weka kalamu chini na uulize nani anampa dawa asubuhi, na akienda kwa bibi yake likizo chupa inabaki wapi.

Mama yako